Residensi ya Marekani kwa daktari wa Pwani: anza na viza, mtihani baadaye

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Tangu nije likizo, kila nikipita Makadara, ile wengine waijua kama Coast General, nasimamishwa na madokta wa intanshipu na swali ni lilelile: dakta, ulisoma kitabu gani cha Stepu 1? Huo ndo mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ya Marekani. Hakuna anayeniuliza viza. Na mimi mitihani nlipasi yote mara ya kwanza lakini karibu nikose nafasi yangu kwa sababu ya karatasi, kwa hivo somo hili naliandika kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Hesabuni nami. Residensi za Marekani, yaani mafunzo ya ubingwa ya hospitalini, karibu zote zaanza tarehe 1 Julai. Matokeo ya Match, ule mfumo wa kuwapangia madaktari hospitali za residensi, hutoka wiki ya tatu ya Machi, Jumatatu wakwambia kama umepata au hukupata, Ijumaa ndo wajua ni wapi. Toka Ijumaa hiyo mpaka Julai ni kama siku mia moja, na hospitali nyingi wakutaka ufike Juni kwa mafunzo ya mwanzo. Ndani ya siku hizo kuna mkataba, barua ya Wizara ya Afya, fomu ya DS-2019 (karatasi ya mdhamini ya kuombea viza ya J-1), intavyuu ya viza na tiketi ya ndege. Kila ambacho ungeweza kukitengeneza mapema na hukukitengeneza kitakuja kukukaba hapo.

HATUA YA 1: Jua ni viza gani

Ziko mbili zinazohusu residensi. J-1, viza ya kwenda kwa mafunzo, ndo ya wengi. Mdhamini wake si hospitali, ni ECFMG, shirika la kule linalokagua na kuthibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, ambalo sa hii liko chini ya Intealth, na hospitali ikishakupa mkataba afisa wao ndo aanzisha ombi lako kule. J-1 hairuhusu kazi ya pembeni hata zamu moja ya wikendi, hurudiwa kila mwaka, na mwisho wake kwa kawaida ni miaka saba. Sharti lake kubwa ni kwamba ukimaliza urudi nchini kwako ukae miaka miwili kabla hujaomba H-1B au makazi ya kudumu kule. Hilo ntalirudia kwa maswali maanake ndo watu hulisaini bila kulisoma.

H-1B, viza ya kazi, haina hiyo miaka miwili. Lakini yataka uwe ushapasi Stepu 3, mtihani wa mwisho wa leseni, na Stepu 3 hufanywa Marekani peke yake, kwa hivo wahitaji viza ya kutembelea kwanza ndo uende ukafanye mtihani ili uombe viza nyengine. Pia ni hospitali chache zinazokubali kuidhamini, na Septemba 2025 ikatoka amri ya rais kule ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi. Ukiwa uko Mombasa na huna jamaa wa kukushika mkono kule, mimi nakwambia wazi panga na J-1, na kila programu unayoiomba soma kwanza wanapokea viza gani, usilipe pesa yako halafu ndo uulize.

HATUA YA 2: Majina (hapa nakaa kidogo)

Sisi watu wa Pwani hapa ndo tunapoumia. Cheti cha kuzaliwa chasema Mohamed, cha fomu foo Mohammed, chuo wakaongeza jina la babu, na paspoti ikachapishwa majina mawili. Hapa nyumbani hakuna anayejali, sote twajua ni mtu mmoja. Kule kwa mtihani jina la kwenye kibali lisipofanana na la kwenye paspoti warudishwa mlangoni, na pesa imekwenda.

Mimi jina la babangu lilikuwa na herufi moja zaidi kwenye shahada kuliko kwenye paspoti. Nikaenda kwa wakili nikala kiapo, nikatuma ECFMG, wakataka chuo kithibitishe, na ofisi iliyotakiwa kujibu ikakaa na ombi langu miezi minne, napiga simu naambiwa mhusika hayuko. Nililia wallahi. Kwa hivo wiki hii kabla hujafungua kitabu chochote toa vyeti vyako vyote uvitandaze kitandani usome herufi kwa herufi, ukiona tofauti anza kuirekebisha sasa.

HATUA YA 3: Cheti cha ECFMG

Bila hiki huingii residensi yoyote kule, hata uwe daktari bingwa hapa. Kwanza chuo chako kiwe kwenye World Directory of Medical Schools, orodha ya vyuo vya udaktari duniani, na pale pameandikwa kwamba wanafunzi wake wakubalika ECFMG, uangalie na mwaka uliomaliza. Halafu wafungua akaunti ya MyIntealth kwenye mtandao wao, shahada yako inathibitishwa na chuo chenyewe moja kwa moja, si wewe kupeleka kopi.

Mitihani ni Stepu 1 na Stepu 2 CK, huu wa pili wa kutibu wagonjwa lakini wa maswali ya kompyuta. Kituo kiko Nairobi, na kila mmoja wapita dola elfu moja ukijumlisha ada ya kufanyia nje ya Marekani, kwa hivo usiende kujaribu bahati. Mwisho ni mara nne kwa kila mtihani. Stepu 1 tangu Januari 2022 haina maksi tena, ni kupasi au kufeli, kwa hivo maksi zako za Stepu 2 ndo zitakazoangaliwa sana, weka nguvu huko. Na yote uipasi ndani ya miaka saba.

Ule mtihani wa zamani wa kumpima mgonjwa wa kuigiza waliufuta 2021, badala yake kuna njia zinaitwa Pathways. Inayotufaa wengi wetu ni ile ya kwanza, ya daktari mwenye leseni ya kufanya kazi bila kusimamiwa, maana yake intanshipu umalize na KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, wakusajili. Juu ya hiyo kuna OET ya udaktari, mtihani wa Kiingereza. Ndio, najua umesoma Kiingereza tangu chekechea, bado wautaka. Upate 350 kusikiliza, kusoma na kuongea, na 300 kuandika, zote kwa kikao kimoja.

HATUA YA 4: Maombi

Ni mitandao miwili, ERAS ya kutuma stakabadhi na NRMP ya Match yenyewe, ni akaunti mbili mbali mbali na kuna watu walisahau ya pili. Programu zaanza kusoma maombi mwisho wa Septemba, intavyuu ni Oktoba hadi Januari hivi, nyingi kwa video. Wahitaji barua za madaktari wanaokujua kazi yako, na ukipata hata moja ya daktari wa Marekani uliyekaa naye wodini itakusaidia sana. Baada ya programu 30 bei ya kila moja ya ziada yapanda, chagua kwa akili.

HATUA YA 5: Zile siku mia

Ukishapata, siku hiyohiyo shughulikia barua ya Wizara ya Afya, Afya House Nairobi. Barua hiyo yasema Kenya yahitaji madaktari wa fani hiyo na wewe umeahidi kwa maandishi kurudi kuifanyia kazi nyumbani. Maneno yake yamewekwa na Wamarekani wenyewe, yakibadilishwa barua yarudishwa. Ikifika, na mkataba ukiwa tayari, watoa DS-2019. Hapo walipa dola 220 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wageni wa masomo na mafunzo, wajaza DS-160, fomu ya ombi la viza, walipa viza dola 185, wachukua tarehe ya ubalozi Gigiri. Mombasa hakuna intavyuu, ni kupanda SGR Miritini, na nendeni siku moja kabla, msitegemee gari la usiku kwa intavyuu ya asubuhi. Ukipata viza waweza kuingia siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza, si mapema zaidi.

MASWALI

Kijana wa Changamwe: Dakta mimi nipo mwaka wa tano bado. Naweza kuanza Stepu 1 au ningoje nimalize?

Waweza, mdogo wangu, mwanafunzi anaruhusiwa bora chuo kimethibitisha wewe ni wao. Ila piga hesabu ya ile miaka saba. Ukifanya leo, kuna kumaliza chuo, kungoja kupangiwa intanshipu, intanshipu yenyewe mwaka mzima, leseni. Waliokaa nyumbani wakingoja kupangiwa mwajua vile muda ulivyokwenda. Mimi ningefanya Stepu 1 karibu na kumaliza chuo na Stepu 2 wakati wa intanshipu au mara baada yake, ukiwa bado na joto la wodi.

Mama Pacha, Kisauni: Dadangu, mimi nina mume na watoto wawili, nikipata J-1 nawaacha?

Huwaachi. Mume na watoto waja kwa J-2, na mumeo akifika aweza kuomba kibali cha kufanya kazi, hiyo ni faida kubwa kuliko H-1B. Kila mmoja awe na DS-2019 yake, kwa hivo cheti cha ndoa na vya kuzaliwa watoto viweke sawa. Kama mlifunga kwa kadhi hakikisha ndoa imesajiliwa na cheti mnacho mkononi, msije mkaanza kukitafuta Aprili.

Mwana wa Likoni: Kuna jamaa hapa mjini asema kwa laki tatu anipatia nafasi ya residensi na viza, nimuamini?

Usimpe hata shilingi. Nafasi hutolewa na Match, viza hutolewa na ubalozi, hakuna mtu katikati mwenye kuiuza. Laki tatu ni Stepu mbili zako hizo.

Shangazi Dakta: Mwanangu, hiyo miaka miwili si ni kufungwa? Na kuna njia ya kuiepuka?

Shangazi, njia ziko. Mashuhuri ni Conrad 30, kila jimbo la Marekani laweza kuwaombea madaktari 30 kwa mwaka wasamehewe, kwa sharti wafanye kazi miaka mitatu sehemu zenye uhaba wa madaktari. Ni halali na simlaumu mtu anayeichukua. Nafahamu vile vile kwa nini watu wataka kutoka, mgomo wa 2024 ulikaa siku 56 na posho ya intanshipu ndo ilikuwa moto. Lakini mimi ile barua ya kurudi nliiandika kwa mkono wangu na nliimaanisha. Nliona wazee wakitoka Lamu na Tana River kwa basi na miguu imevimba, kuja kungoja daktari mmoja wa figo. Miaka miwili si lazima iwe mfululizo, inajumlishwa, ila iwe hapa. Kwangu si kufungwa, ndo sababu ya mimi kwenda. Mwenye kusaini asaini akijua, hilo tu ndo naomba.

Kijana wa Changamwe: Nimeskia wanaangalia mitandao ya kijamii?

Ndio, tangu Juni 2025 waombaji wa viza za J waambiwa waziweke akaunti zao wazi kwa umma. Na kwenye DS-160 zitaje zote ulizotumia miaka mitano nyuma, hata ile uliyoiacha. Kuficha ni hatari kuliko ulichoandika.

Bibi wa Tudor: Nimemaliza chuo 2014, nishachelewa?

Sheria haina kikomo cha mwaka, dada. Programu zenyewe ndo hujiwekea, nyingi zataka usiwe umepita miaka mitano tangu umalize, na nyengine hazijali ukiwa umekuwa ukifanya kazi mfululizo. Tafuta hizo, na barua zako ziwe za kazi ya karibuni, si za chuo. Leta orodha yako ya programu nikiwa bado hapa, tukae tuipitie pamoja.