Kuhamishia Debian yako kwenye mashine mpya bila kuipiga upya

Jamaa kanunua kompyuta mpya. Debian yake ya zamani (aina moja ya Linux) ina miaka ya mipangilio ndani, skripti, database, kila kitu kimekaa anavyotaka, afu watu wanamwambia apige upya. Hakuna haja kabisa. Linux haijafungwa kwenye mazabodi moja, draiva karibu zote zimo kwenye kerneli (kiini cha mfumo), ukiiwasha kwenye mashine nyingine inaangalia vifaa vilivyopo na kupakia vinavyohitajika. Kinachogoma mara nyingi ni njia ya kuwaka, yaani kuanzia BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya mfumo) mpaka patisheni ya root, yenye mfumo wenyewe, ipatikane, na ndo maana hatua ya 4 ni ndefu kuliko zote. Haya ni ya Debian na Ubuntu, kutoka mashine ya x86 (Intel au AMD) ya biti 64 kwenda nyingine ya aina hiyo hiyo, kwenda ARM njia hii haifai.

Hatua ya 1: ukiwa bado kwenye mashine ya zamani

Bekapu kwanza. Kisha apdeti kila kitu, hasa kerneli, manake kifaa kipya kinataka kerneli inayokijua, kama uko Debian stable na mashine imetoka juzi chukua kerneli ya backports (hazina ya Debian yenye matoleo mapya zaidi). Draiva ya Nvidia ya kampuni itoe, na /etc/X11/xorg.conf kama ipo ifute.

Afu fungua /etc/initramfs-tools/initramfs.conf utafute mstari wa MODULES. Ukikuta `MODULES=dep` weka `MODULES=most`. Hiyo dep maana yake initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa mwanzo wa kuwaka) inabeba draiva za mashine hii tu, sa ikiwa ilizoea diski ya SATA ukaipeleka kwenye ya NVMe haitaiona diski.

Hatua ya 2: diski mpya

Washa mashine mpya kwa flashi ya live (Linux inayowaka kutoka kwenye flashi yenyewe), fungua gparted (programu ya kugawa diski): jedwali la GPT, patisheni ya EFI (ya kuwashia) ya FAT32 megabaiti 512, inayobaki yote ext4. Kama diski haionekani kabisa kwenye amri ya lsblk, ingia BIOS uangalie kama hali ya diski imewekwa RAID au RST, ibadilishe iwe AHCI. Ila kama kuna Windows humo unayoitaka usibadilishe haraka haraka, inaweza kukataa kuwaka.

Hatua ya 3: kunakili

Najua wengi watakwambia dd (amri ya kunakili diski nzima baiti kwa baiti). Mimi siipendi kwa kazi hii, inanakili mpaka nafasi tupu, inagoma diski mpya ikiwa ndogo, na inaleta UUID (namba za utambulisho za patisheni) zile zile, kwa hiyo diski zote mbili zikiwa kwenye mashine moja mfumo haujui ipi ni ipi, na kwa mfumo wa mafaili wa Btrfs hapo unaweza kuharibu data. Tumia rsync, inanakili mafaili tu. Unganisha diski ya zamani kwa adapta ya USB, imaunti kwenye /mnt/zamani, root mpya kwenye /mnt/mpya, kisha:

`rsync -aAXH --numeric-ids --info=progress2 /mnt/zamani/ /mnt/mpya/`

Mikwaju ya mwisho (/) usisahau kuiandika. Na `-a` peke yake haitoshi, haibebi ACL (ruhusa za ziada), xattr (sifa za ziada za faili) wala hadilinki (faili moja lenye majina zaidi ya moja). Fanya hivi mfumo wa zamani ukiwa umezimwa, usinakili PostgreSQL au MySQL inayoendelea kuandika.

Hatua ya 4: fstab (orodha ya patisheni za kumaunti) na GRUB (programu inayowasha Linux)

Hapa ndo watu wanakesha, nenda taratibu.

Kwanza hakikisha flashi yenyewe imewaka kwa UEFI (BIOS ya kisasa). Andika `ls /sys/firmware/efi`, folda isipokuwepo umewaka kwa legacy (njia ya zamani), rudi BIOS uzime CSM (inayoruhusu legacy) uanze tena, vinginevyo grub-install haitaweza kujisajili.

Pili, `blkid`, chukua UUID mpya uziweke kwenye /mnt/mpya/etc/fstab. Ya FAT ni fupi, kama 1A2B-3C4D, usishtuke. Mashine ya zamani kama ilikuwa legacy hakuna mstari wa /boot/efi, uongeze. Mstari wa patisheni ya swap (ya kusaidia RAM) ya zamani ufute, na UUID yake iondoe pia kwenye /etc/initramfs-tools/conf.d/resume ya mfumo mpya. Ukiacha UUID isiyokuwepo kwenye fstab systemd (inayoanzisha huduma za mfumo) inaisubiri sekunde 90 afu inakutupa emergency mode (hali ya dharura), kwa hiyo diski za ziada zipe `nofail`. Mwenye LUKS (diski iliyofungwa kwa nywila) arekebishe na /etc/crypttab.

Tatu, ingia ndani ya mfumo mpya kwa chroot:

`mkdir -p /mnt/mpya/boot/efi`
`mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/mpya/boot/efi`
`for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/mpya/$d; done`
`chroot /mnt/mpya`

Ni `--rbind`, sio `--bind`. Miongozo mingi inaandika --bind, ila efivars (mlango wa kumbukumbu ya UEFI) ni maunti nyingine iliyo ndani ya /sys na --bind haiibebi, GRUB inalalamika kuhusu EFI na mtu anaanza kulaumu diski. Kisha:

`apt install grub-efi-amd64 grub-efi-amd64-signed shim-signed`
`update-initramfs -u -k all`
`grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi`
`update-grub`

Intaneti ikigoma humo ndani, nakili /etc/resolv.conf ya live.

Sasa rudia grub-install ukiongeza `--removable`. Usiiruke hii. Jina "debian" unaloliona kwenye menyu ya kuwasha linakaa kwenye kumbukumbu ya mazabodi, sio kwenye diski. Ndo maana hata ukichomoa diski nzima ukaichomeka kwenye mashine nyingine inaonekana kama haina kitu, mazabodi mpya haijawahi kusikia habari zake. `--removable` inaweka EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, faili ambalo UEFI inalitafuta yenyewe bila kuambiwa.

Hatua ya 5: ikishawaka

Intaneti ya waya isipokuja, jina la kadi limebadilika, mfano enp3s0 imekuwa enp0s31f6, angalia `ip link` urekebishe /etc/network/interfaces au netplan. Kama mashine ya zamani itaendelea kufanya kazi mtandao mmoja na hii, usiziache na utambulisho mmoja, zinaweza hata kugombania IP:

`truncate -s 0 /etc/machine-id`
`rm /etc/ssh/ssh_host_*`
`dpkg-reconfigure openssh-server`

Riboti. Diski ya zamani iache ilivyo mpaka umeshatumia mpya siku kadhaa na umefungua kila database.