Stori na wahusika wa katuni fupi ya chuo: anza hivi usije ukalia kwenye mchoro wa 300

Juzi kati nilikaa na dogo mmoja anayesoma animesheni, yuko kwenye filamu yake ya kumalizia chuo. Kaja na daftari limejaa wahusika saba wamechorwa vizuri balaa, mmoja ana joho lenye maua yaliyodariziwa mpaka kwenye pindo, halafu namuuliza stori inahusu nini ananijibu "bado naifikiria." Nikacheka maana nilijiona mimi kabisa enzi zangu. Nikamwambia weka hilo daftari pembeni, tuanze upya.

Hatua ya 1: piga hesabu kwanza

Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zinazopita moja moja. Wengi wetu tunachora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inakula michoro 12, na dakika mbili ni michoro 1,440. Hapo ni mhusika mmoja tu. Sawa, akisimama kimya unaacha mchoro uleule kwa hiyo utapunguza kiasi, ila usijipe moyo sana. Tuseme mchoro mmoja unakuchukua dakika 10, kusafisha mistari na kupaka rangi, hizo ni saa 240. Sasa zidisha kwa saba. Dogo alikaa kimya muda mrefu.

Hatua ya 2: stori iingie kwenye sentensi moja

Nani, anataka nini, nini kinamzuia. Wahusika wawili wasizidi, sehemu moja, na kitu kimoja kinachobadilika kati ya mwanzo na mwisho. Baada ya kubishana sana tukapata hii: mlinzi wa usiku anayeogopa giza, tochi yake inaishiwa betri, na mwizi anayeingia naye kumbe anaogopa giza, basi wanajikuta wamebanana wawili chini ya mwanga mmoja mpaka kunakucha. Filamu nzima iko hapo.

Mhusika tumempata bila kuchora hata mstari. Mlinzi jasiri hana stori, mlinzi mwoga anayo tayari. Ukiona mhusika wako hakuna kitu ndani yake kinachopigana na kazi yake au umbo lake au anachokitaka, usimchore bado.

Halafu andika mwisho kabla ya katikati. Watu wanaanza mbele wanakwenda hivyohivyo wakitegemea mwisho utajileta, haujileti. Na kama ni filamu yako ya kwanza acha maneno kabisa. Mdomo kufuata sauti ni kazi nyingine inayojitegemea, tena ukishaanza kuongeza mazungumzo unajikuta unaeleza vitu ambavyo ulipaswa kuvionyesha.

Hatua ya 3: storibodi na animatiki

Storibodi, yaani stori nzima kwa picha zilizopangwa kwa mfuatano, mimi nachora kwenye vikaratasi vya kunata, penseli, watu wa vijiti, nabandika ukutani. Najua Krita, programu ya kuchora kwenye kompyuta, ina sehemu yake ya storibodi na ni bure na ni nzuri, ila ukichora kwenye kompyuta utaanza kupendezesha, na ukishapendezesha picha hutakubali kuitupa. Kikaratasi unang'oa tu.

Zikikaa sawa zipige picha na simu, ziingize kwenye programu yoyote ya kukatia video (mimi natumia Blender), kila picha ikae sekunde zake, weka sauti za muda hata ukizitoa kwa mdomo wako. Hiyo ndiyo animatiki. Ya dogo ilitoka dakika nne na kitu, tukakata hadi dakika moja na sekunde 50, na hakuna kilichopotea, tulitoa tu kutembea. Wanafunzi wanapenda sana kumwonyesha mtu anatembea kuelekea mahali. Mkate, mtokeze ameshafika.

Onyesha watu watatu wasioijua stori na funga mdomo. Usieleze kitu. Wakimaliza waambie wakusimulie walichokiona, wanapokosea hapo ndipo pa kurekebisha.

Hatua ya 4: maumbo

Sasa ndio unachukua kalamu. Jaza mhusika mweusi wote bila macho wala vifungo, uone kama anajulikana kwa kivuli tu. Mlinzi tulimfanya boksi, mpana, koti limemzidi, miguu midogo chini kama ya meza, mwizi tukampa pembetatu nyembamba yenye magoti. Wakisimama pamoja wakiwa weusi tii bado unajua nani ni nani. Kama hawajulikani, rudia, na usidhani rangi itakuokoa.

Hatua ya 5: karatasi ya mhusika, na hapa ndipo nilipopotezea maisha yangu

Filamu yangu ya chuo nilikuwa na binti amevaa sweta la mistari. Nilimchora wa mbele, akapendeza, nikaanza kuanimeti. Nimefika kama sekunde ya 20 nacheza nione, mistari ya sweta inaogelea, kwenye fremu hii iko sita, ile iko saba, na kichwa kinavimba kila akigeuka. Nilirudi kuchora upya karibu kila kitu. Fanya hesabu na mimi: mistari ikikuongezea dakika 3 tu kwa kila mchoro, mara 1,440, ni saa 72. Siku tatu usiku na mchana bila kulala kwa ajili ya sweta ambalo hakuna mtazamaji aliyelitaja.

Kwa hiyo chora mhusika pande tano: mbele, robotatu (amegeuka kidogo, kati ya mbele na ubavu), ubavu, robotatu ya nyuma, mgongo. Pitisha mistari ya kulala karatasi nzima kwenye utosi, macho, kidevu, bega, kiuno, goti, nyayo, na pande zote zigonge hapohapo. Pima urefu kwa vichwa. Mtu mzima wa kawaida ni kama vichwa saba na nusu, mlinzi wetu ni vitatu na nusu. Andika hiyo namba pembeni maana ukichoka saa nane usiku utamrefusha bila kujua.

Mitego yake sasa. Pua ambayo kwa mbele ni nukta mbili, kwa ubavu ni nini? Lazima ujue kabla, sio katikati ya shoti (kipande kimoja cha filamu kisichokatwa). Nywele zilizosimama upande mmoja, mfuko wa shati upande mmoja, kovu, vyote hivyo ukigeuza mchoro kama kioo ili upate upande wa pili vinahama, kwa hiyo ama vitoe ama kubali kuchora pande zote mwenyewe. Mimi navitoa. Vidole vinne badala ya vitano, usione aibu, katuni kibao zinafanya hivyo kwa sababu hiihii ya kupunguza kazi.

Ukimaliza ziweke pande zote tano kwenye fremu zinazofuatana, cheza mbele nyuma haraka. Mtu anatakiwa azunguke kama yuko kwenye kiti cha kuzunguka. Kichwa kikiruka juu chini, au tumbo likipumua, pande zako haziendani, rekebisha sasa hivi.

Bado hujamaliza. Mtembeze. Hatua moja ya kawaida ni fremu 12, kwa hiyo hatua mbili, kulia na kushoto, ni fremu 24, yaani michoro 12. Ichore yote kwa usafi uleule utakaotumia kwenye filamu na uweke saa. Gawa muda kwa 12, zidisha kwa michoro ya filamu yako, halafu tazama kalenda. Mlinzi wa dogo alikuwa na bunda la funguo kiunoni, ufunguo mmoja mmoja umechorwa, kila hatua zinayumba, mchoro mmoja dakika 17. Hakutaka kuzitoa, anasema mlinzi bila funguo sio mlinzi, na kwa kweli alikuwa na hoja. Tukaziweka ndani ya mfuko wa koti. Hazionekani kabisa, zinasikika tu akitetemeka, na sasa zile funguo ndio utani mzuri kuliko wote kwenye filamu. Mchoro ukashuka dakika tisa.

Hatua ya 6: sura

Sura sita za uso zinatosha, zile ulizoziona kwenye animatiki tu. Usichore "furaha" kama hakuna shoti ya furaha. Jirekodi na simu ukiigiza, uso wako utakupa vitu ambavyo huwezi kuvibuni.

Hatua ya 7: rangi

Rangi usimpake mhusika peke yake kwenye karatasi nyeupe. Mpake akiwa juu ya mandhari ya shoti yake. Sisi tulimpa mlinzi sare ya bluu iliyokoza, nzuri kweli, tukamweka kwenye usiku wake akapotea mzima yakabaki macho mawili yanaelea. Geuza picha iwe kijivu tupu uone kama bado anatengana na ukuta. Tukampa koti la njano iliyochakaa. Yale macho yanayoelea dogo aliyaiba, ameyaweka kwenye shoti tochi inapozimika.