Kuanza podikasti yako kwa simu uliyo nayo: hatua ninazofuata hapa Kampala

Mtu akiniuliza anunue maikrofoni gani ili aanze podikasti, kwanza namuuliza anarekodia wapi. Mimi naishi Kisenyi, katika chumba chenye paa la bati lisilo na dari. Maikrofoni ya bei ghali hunasa kila kitu, na mvua juu ya bati ni mojawapo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa mfukoni, pitia hatua hizi kwa simu yako ya kila siku.

Hatua ya 1: Andika mada kumi

Chukua daftari, uandike mada kumi, na mbele ya kila mada jina la mtu utakayezungumza naye. Ukikwama kwenye ya nne, usiitanue mada, ibane. Nilipoanza na "biashara Uganda" nilikaa na ukurasa mtupu siku mbili. Nilipoamua kuzungumza na wanawake wanaovusha bidhaa mpakani Busia, daftari likajaa jioni moja: bei ya mukene (dagaa), kubadilisha pesa, ushuru, wabeba mizigo, watoto wanaobaki nyumbani.

Nilichagua Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya soko lile. Katiba yetu inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo wageni wangu wengi huanza kwa kuomba radhi kwamba Kiswahili chao ni cha sokoni. Waambie ndicho unachokitaka. Usimsahihishe mtu ngeli akiwa anasimulia. Ukimkatiza mara mbili atajibu kwa ufupi hadi mwisho, na kilichokupeleka kwake utakikosa.

Hatua ya 2: Chagua mahali na saa

Hapa ndipo podikasti nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo usiharakishe.

Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kubwa, sikiliza. Kofi likiacha mlio unaoburuta nyuma yake, kuta zinarudisha sauti. Vyumba vya saruji na sakafu tupu viko hivyo. Dawa yake ni vitu laini na vizito. Nenda soko la Owino kwenye mivumba, yaani mitumba, nunua mablanketi mawili mazito. Moja litundike ukutani mbele ya anayezungumza, kwa sababu sauti yake hugonga pale kwanza. La pili kunja uliweke mezani chini ya simu. Nyuma ya anayezungumza simamisha godoro. Piga kofi tena, utasikia tofauti.

Kisha chunguza saa. Kwa siku tatu andika kelele za mtaa wako. Kwangu ni adhana ya alfajiri, zikifuata boda boda, halafu mashine za kusaga nafaka ambazo zikishaanza ni mpaka jioni. Saa nne usiku ndiyo saa yangu. Miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, napanga kurekodi kwenye nyumba zenye dari.

Ukimfuata mgeni kwake, vaa hedifoni, washa kurekodi, mkae kimya dakika nzima kabla ya swali la kwanza. Hili nilijifunza kwa hasara. Nilimrekodi mama mmoja muuza mukene Busia, ndani ya stoo yake, kwa saa nzima. Alipofika kwenye habari ya mtaji wake wa kwanza alishusha sauti karibu kunong'ona. Nilipofika nyumbani nikakuta mngurumo wa friji chini ya kila neno, na pale aliponong'ona friji limemfunika kabisa. Masikio yalikuwa yameshazoea mlio ule, simu haikuuzoea. Nilirudi kwake baada ya wiki mbili. Alisimulia tena, mama wa watu, ila kwa maneno machache zaidi. Siku hizi naomba ruhusa ya kuzima friji, na funguo zangu naziweka juu yake ili nisiondoke bila kuliwasha.

Hatua ya 3: Tayarisha simu

Weka simu katika hali ya ndegeni, la sivyo ujumbe wa pesa utaingia katikati ya jibu zuri. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Unabana sauti mno, na kilichobanwa hakirudi. Tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa. Dakika moja ya WAV ya chaneli moja hula takribani MB 5, nusu saa karibu MB 160, kwa hiyo futa video za zamani mapema.

Simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige moja kwa moja. Ukishatoa vipindi vitano na bado una hamu, nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola. Hakikisha plagi yake inaingia kwenye simu yako.

Hatua ya 4: Rekodi

Mweleze mgeni sauti yake itakwenda wapi, kisha rekodi akikubali kwa kinywa chake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na hata bila sheria ni haki yake kujua. Baadaye rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba, utazihitaji.

Uliza kuhusu siku fulani. "Changamoto zako ni zipi?" huleta majibu ya semina. "Siku ya kwanza kuvuka mpaka ulibeba nini?" humrudisha mtu barabarani, na atakwambia mpaka rangi ya gunia. Akiwa anaongea, itikia kwa kichwa. Kila "ehe" yako itakaa juu ya sauti yake na hutaweza kuitoa.

Hatua ya 5: Hariri

Natumia Audacity, programu ya bure ya kompyuta. Hifadhi nakala ya faili asili kwanza. Chagua zile sekunde za ukimya, fungua kipunguza kelele (Noise Reduction), kionyeshe kelele yenyewe (Get Noise Profile), kisha chagua rekodi yote na upunguze kwa desibeli 6 hadi 12. Ukizidisha, mtu atasikika kama anaongea ndani ya pipa. Kata marudio, ila acha pumzi na vituo vya kufikiri.

Kiwango cha sauti kiweke kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) -19 kwa chaneli moja, au -16 kwa stereo. Toa MP3 ya chaneli moja, kbps 64 (kiasi cha data kwa kila sekunde): nusu saa inakuwa kama MB 14. Ukiweka 128 ni mara mbili, na kwa maongezi wengi hawatasikia tofauti. Tangu Julai 2021 bando linatozwa ushuru wa asilimia 12, na anayelipa ni msikilizaji wako.

Wimbo wa msanii usiuweke bila ruhusa yake. Mimi nafungua kipindi na mlio wa mukene ukimiminwa kwenye debe.

Hatua ya 6: Chapisha

Tengeneza picha ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000, jina lisomeke hata picha ikiwa ndogo kama ukucha. Pakia kipindi kwenye Spotify for Creators, ambako hulipi. Utapewa mlisho wa RSS, yaani anwani ambayo programu nyingine huichungulia kuona kama una kipindi kipya. Anwani hiyo ipeleke Apple Podcasts.

Halafu wafikie wasio na programu hizo. Mimi hutuma MP3 kwenye makundi ya WhatsApp, na Busia napeleka flashi, maana wauzaji wengi wana redio ndogo zenye tundu lake. Yule mama wa mukene alikisikiliza kipindi chake hivyo, akiwa anapimia wateja. Dakika ya nane, pale anaponong'ona, aliacha kikombe cha kupimia akaongeza sauti ya redio. Nilirudi Kampala nikapandisha sauti ya sehemu hiyo peke yake, nikabadilisha faili kwenye mlisho uleule, na safari iliyofuata nikampelekea flashi nyingine.