Kimbunga Kikielekea Houston: Jinsi ya Kukifuatilia na Kujiandaa Kabla Upepo Haujafika

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili hapa Houston zilikulia mahali ambapo kimbunga ni habari ya redioni tu. Anayetoka Bukavu anajua tetemeko la ardhi, anayetoka Kigoma anajua ziwa linavyochafuka, na anayetoka Dar es Salaam anajua Jangwani inavyojaa maji wakati wa masika, lakini dhoruba iliyopewa jina la mtu na kutangazwa siku tano kabla ya kufika ni jambo geni kwao wote. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuizungusha dhoruba hadi iwe kimbunga, na ndiyo maana pwani ya Afrika Mashariki huguswa kwa nadra, kama ilivyotokea kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi Mei 2024. Houston iko karibu nyuzi 30 kaskazini, si mbali na maji ya moto ya Ghuba ya Mexico, na msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, kilele chake kikiwa karibu na tarehe 10 Septemba.

Mwongozo huu unahusu kimbunga kikubwa, yaani cha daraja la 3 hadi la 5, ambacho upepo wake wa kudumu hufikia kilomita 178 kwa saa au zaidi. Hata hivyo ninamwomba msomaji asiifanye namba ya daraja kuwa swali lake la kwanza, kwa sababu daraja hupima kasi ya upepo peke yake. Maswali yanayookoa maisha ni mawili: maji yatafika wapi ukilinganisha na mahali ninapolala, na upepo utaanza saa ngapi mtaani kwangu.

Kazi ya kwanza hufanywa kabla jina lolote halijatajwa. Tafuta eneo lako la kuhama. Katika ukanda wa Houston na Galveston, maeneo hayo hupangwa kwa namba ya posta, ile ya tarakimu tano iliyo kwenye anwani yako, nayo huitwa Coastal, A, B na C, kuanzia ufukweni kuelekea bara. Namba yako ikiwa ndani ya mojawapo, andika herufi hiyo kwenye karatasi na uibandike mahali kila mtu wa nyumbani ataiona. Ikiwa haimo, huenda hutahitaji kuukimbia mji, jambo nitakalolirudia hapa chini. Wakati huohuo shughulikia bima ya mafuriko, maana bima ya kawaida ya nyumba hailipi hasara ya mafuriko, na bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, hivyo anayeitafuta kimbunga kikiwa baharini amekwisha kuchelewa. Mpangaji wa apatimenti naye anaweza kukata bima hiyo kwa ajili ya vyombo vyake.

Kwa kufuatilia, tegemea chanzo kimoja kikuu, nacho ni Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami, kinachopatikana kwenye hurricanes.gov. Ramani za kutisha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zikionyesha mji umekwisha kupigwa siku kumi kabla, mara nyingi ni matokeo ya modeli moja ya kompyuta, na kesho yake modeli hiyohiyo huweza kukipeleka kimbunga Florida. Wataalamu wa Miami huzisoma modeli nyingi pamoja, na hutumia vipimo vya ndege zinazopita katikati ya kimbunga, zikiwemo zile za kikosi cha jeshi la anga kilichoko Biloxi, Mississippi.

Kituo hicho hutoa taarifa kamili mara nne kwa siku. Kwa saa za Texas katika miezi mingi ya msimu, ni saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa nne usiku, kwa hiyo kwa Kiswahili ni rahisi kukumbuka: kumi na nne, kumi na nne. Pwani ikishawekewa angalizo au tahadhari, huongezwa taarifa fupi katikati, ikawa unapata habari mpya kila baada ya saa tatu. Hakuna haja ya kukaa mbele ya televisheni usiku kucha na kuwatia watoto hofu. Soma taarifa inapotoka, kisha urudi kwenye kazi ya maandalizi.

Nyumbani kwetu ramani ya Ghuba hubandikwa kwenye mlango wa friji. Taarifa ikitoka, mtoto mkubwa husoma latitudo na longitudo kwa sauti, mwingine huweka nukta kwa kalamu na kuandika saa pembeni yake. Nukta zikifika nne, hata mtu asiyesoma Kiingereza huona kimbunga kinaelekea wapi na kama kinaongeza mwendo au kinasuasua. Kutokana na hapo hesabu ni nyepesi. Tuseme jicho, yaani kitovu cha kimbunga, liko kilomita 600 kutoka kwenu na linasogea kilomita 20 kwa saa. Mtu atafikiri amebakiwa na saa 30. Lakini upepo wa kilomita 63 kwa saa, ambao ukianza kazi zote za nje lazima zikome, unaweza kutangulia mbele ya jicho kwa kilomita 200, na hivyo muda halisi wa kujiandaa ni saa 20. Kituo chenyewe huchora ramani inayoonyesha muda wa kuwasili kwa upepo huo, nami naiona kuwa yenye manufaa kuliko ramani nyingine zote. Ina aina mbili, ya muda unaotarajiwa zaidi na ya muda wa mapema unaowezekana. Panga mambo yako kwa kufuata ule wa mapema.

Ramani inayoonyeshwa zaidi, ile yenye koni nyeupe, hueleweka vibaya mno. Koni huonyesha mahali ambapo jicho peke yake linaweza kupita, na kwa wastani jicho hubaki ndani ya koni mara mbili kati ya tatu. Haionyeshi ukubwa wa kimbunga, wala haisemi kwamba aliye nje ya mstari wake yuko salama. Kwa siku ya tano, duara linaloijenga koni lina nusu kipenyo cha zaidi ya kilomita 300. Zaidi ya hayo, katika nusu hii ya dunia upande wa kulia wa jicho, ukitazama kule linakoelekea, ndio wenye upepo mkali zaidi, nao mara nyingi ndio unaosukuma bahari nchi kavu. Kimbunga kikiingia kusini-magharibi mwa Galveston, sisi ndio tulio upande huo.

Kwenye simu utayaona maneno mawili ambayo Kiingereza hutofautisha na ambayo sisi huyachanganya. Watch ni angalizo: hali ya kimbunga inawezekana, na hutolewa takriban saa 48 kabla upepo wa dhoruba haujaanza. Warning ni tahadhari: hali hiyo inatarajiwa, na hutolewa takriban saa 36 kabla. Mafuriko ya bahari yana angalizo na tahadhari zake peke yake. Kwa kuwa ujumbe wa dharura unaolia kwenye simu huja kwa Kiingereza na Kihispania, chagueni mtu mmoja katika ukoo au katika jengo ambaye kazi yake itakuwa kuwapigia wazee na kuwaeleza ujumbe huo kwa Kiswahili.

Kwa nini nasisitiza maji? Dhoruba ya Ike ilipotua Galveston tarehe 13 Septemba 2008 ilikuwa ya daraja la 2 tu, lakini bahari iliinuka kati ya mita 4.5 na 6 katika rasi ya Bolivar na kufagia nyumba zikabaki nguzo. Harvey iliingia karibu na Rockport tarehe 25 Agosti 2017 ikiwa ya daraja la 4. Ilipofika kuifurika Houston upepo wake ulikuwa umepungua sana, ila ilikuwa imesimama. Mji wa Nederland, Texas, ulipata milimita 1,539 za mvua, na kati ya watu 68 waliouawa moja kwa moja na dhoruba hiyo Texas, karibu wote walikufa kwa mafuriko ya mvua.

Uamuzi wa kuondoka au kubaki uandikwe mapema, watu wakiwa wametulia. Mkikaa ndani ya eneo lililoamriwa kuhama, ondokeni, na muondoke mapema, mchana, mkiwa na tanki lililojaa. Mkikaa nje ya maeneo hayo, katika nyumba imara isiyofurika, kubakini na muwaachie barabara wale wa pwani. Nasema hivi kwa sababu ya kimbunga Rita, Septemba 2005: mamilioni walitoka kwa wakati mmoja, wengi wao wakitoka mitaa ambayo haikuamriwa kuhama, magari yakakwama kwa saa nyingi katika joto kali, basi lililobeba wazee likawaka moto karibu na Dallas na watu 23 wakafa. Asiye na gari, au mwenye mgonjwa anayetegemea mashine, apige 211 kabla ya msimu aandikishwe katika orodha ya wanaohitaji msaada wa usafiri, na aombe mkalimani wa Kiswahili. Makazi ya dharura ya Msalaba Mwekundu humpokea mtu bila kujali uraia wake, kwa hiyo asiwepo anayebaki kwenye maji kwa kuogopa karatasi.

Siku mbili kabla ya upepo, maji ya kunywa huja kwanza. Kiasi kinachopendekezwa ni galoni moja kwa mtu kwa siku, karibu lita nne. Familia ya watu watano kwa siku saba inahitaji kama madumu saba ya lita 20. Jaza pia bafu kwa ajili ya kumwagia chooni. Chakula kiwe cha kuliwa bila moto, yaani samaki wa kopo, karanga, mkate, siagi ya karanga, maziwa ya watoto. Maharage makavu na unga wa ugali havitakufaa siku ya kwanza. Chukua dawa za wiki mbili, toa fedha taslimu, chaji pawabenki na tochi. Pasipoti, vyeti, karatasi za uhamiaji na za bima vitie ndani ya mfuko wa plastiki unaofunga, kisha vipige picha. Pita kila chumba ukirekodi video ya vyombo vyako. Tepu inayobandikwa kwenye kioo kwa alama ya msalaba haizuii kitu. Kinachozuia ni plaiwudi nene iliyofungwa kwa skrubu.

Kuna jambo dogo la friza ambalo halina gharama. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kisha ukirudishe ndani. Mwezi Julai 2024, baada ya kimbunga Beryl kuwakatia umeme wateja zaidi ya milioni mbili, niliifungua friza na kuiona nyama imeganda vizuri, lakini sarafu ilikuwa chini kabisa ya kikombe: kila kitu kilikuwa kimeyeyuka na kuganda upya. Nyama yote ilitupwa. Friji iliyofungwa hulinda chakula kwa saa nne, friza iliyojaa kwa saa 48.

Upepo ukianza, kaeni katika chumba cha ndani kisicho na dirisha. Kukitulia ghafla na anga likaonekana, msitoke. Huenda jicho linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Maji yakipanda, msijifungie ndani ya dari, pandeni juu ya paa. Asiendeshe mtu gari kwenye maji, kwani sentimita 30 za maji yanayokwenda huweza kulichukua gari dogo.

Umeme ukikatika, jenereta ikae nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Jiko la mkaa pia, hata lile dogo tulilozoea kuliweka kibarazani, lisiingie ndani wala gereji, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na humwua mtu usingizini. Wazee walio peke yao watembelewe asubuhi na jioni, maana joto baada ya kimbunga huua polepole. Kabla ya kufagia au kutupa kitu, piga picha ya alama ya maji ukutani ukiwa umeweka futi ya kupimia kando yake, kisha ndipo uombe msaada wa FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, na kuijulisha bima. Familia inayopata SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, iripoti chakula kilichoharibika ndani ya siku 10 ili irudishiwe thamani yake.