Kabla ya kwenda kliniki ya miguu Uingereza: mambo ya kuzingatia kwa mwenye kisukari

Kiswahili kina neno moja tu, mguu, kwa kiungo kizima kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Kwa mgonjwa wa kisukari anayeishi Uingereza, jambo hilo dogo linaweza kumpotezea siku nyingi. Mama akisema mguu unamsumbua na mwanawe akatafsiri "leg" badala ya "foot", yaani wayo, mpokea simu anaandika maumivu ya kawaida na miadi inacheleweshwa. Basi kabla hujashika simu, jua unazungumzia wapi: wayo, kisigino, au katikati ya vidole. Kama kuna kidonda, kitaje kwanza, "foot ulcer", kisha taja kisukari. Mengine yafuate.

Haraka hiyo ina sababu. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu inayofuatwa England, unataka mwenye kisukari akipata kidonda kipya cha wayo, au maambukizi, apelekwe kwa timu ya miguu ndani ya siku 1 ya kazi. Kidonda kinachoambatana na homa, au kidole kilichogeuka cheusi, hakina kusubiri miadi. Hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo. Unaodanganya wengi ni wayo uliovimba na kuwa wa moto bila kidonda. Kwa sababu ya ganzi hauumi sana, na mtu anaendelea na mizunguko yake huku mifupa ya ndani inavunjika. Huo nao ni wa haraka. Na kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu: gusa kwa mgongo wa kiganja, ulinganishe na wayo wa pili.

Kliniki za mtaani za NHS, huduma ya afya ya serikali, kwa kawaida hazikati kucha za kila anayekuja. Zinawalenga walio hatarini: aliyewahi kupata kidonda cha wayo au kukatwa kidole, anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, au ambaye ganzi yake imekutana na sugu, vidole vilivyopinda au damu isiyofika vizuri. Hao huonwa kila baada ya mwezi 1 hadi 2. Wa hatari ya kati, miezi 3 hadi 6. Kundi lako hupangwa kwenye uchunguzi wa kila mwaka, ule wa kuguswa nyayo kwa uzi wa nailoni. Uliza uliandikwa kundi gani. Sehemu nyingine unajaza fomu mwenyewe, nyingine wanataka barua ya GP, yaani daktari wako wa mtaani.

Sasa hina. Harusi ikikaribia, pambeni mikono na muache nyayo. Piko hufunika rangi ya kucha na ngozi, na rangi hiyo ndiyo mtaalamu anayokuja kuisoma. Tena piko nyingi za dukani zina kemikali zinazobabua, na wayo wenye ganzi hautakuambia.

Beba viatu unavyovaa kweli, pamoja na kandambili za nyumbani, si vile vya Ijumaa peke yake. Kama ndani unatembea peku, sema hivyo. Sema pia kama uliloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi, au ulibandika plasta za kutoa sugu. Plasta hizo mara nyingi zina asidi, na si za mwenye kisukari. Hakuna atakayekugombeza, na akigombeza ni afadhali kuliko kuficha. Orodha ya dawa iwe mkononi, hasa za kuzuia damu kuganda. Picha za kidonda za siku mbalimbali zinasaidia kuliko maelezo.

Mkalimani ni bure, lakini aombwe siku ya kupanga miadi. Taja Kiswahili cha wapi. Mzee wa Lamu aliyeletewa mkalimani wa Kiswahili cha Bukavu wataelewana, ila si kwa kila neno la mwilini. Mjukuu asifanywe mkalimani, maana babu hatamtajia yote.

Kabla hujatoka chumbani, omba namba ya simu ya timu yenyewe, uliza nani hupokea wikendi, kisha iandikwe kwenye simu ya yule anayekukagua nyayo kila jioni nyumbani.