Skuta ya tustroku imegoma kuwaka? Anza na plagi
Kabla hujaanza kuisukuma kupandisha kilima cha Bugando na jua lile, fungua plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini, uiangalie. Ikiwa imelowa petroli ujue injini imemeza mafuta mengi, funga koki ya petroli, piga kiki kadhaa plagi ikiwa nje ili yatoke, ifute vizuri ndo urudishe. Ikiwa kavu kabisa basi mafuta hayafiki, cheki koki kisha jeti ya kabureta, katundu kenyewe kadogo balaa na petroli iliyolala miezi inakaziba kwa utando. Nyeusi tii yenye oili? Umezidisha oili kwenye mchanganyiko wa petroli na oili, watu wengi wanakadiria kwa macho tu aisee. Kupima cheche, chomeka plagi kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, piga kiki. Hakuna kitu? Weka plagi mpya kwanza, koili, ile inayoipa plagi umeme, baadaye.