Somo: Kumnywesha mbwa na paka katika joto la Dodoma kabla ya mvua

Mwezi Oktoba mwaka juzi nilirudi nyumbani Nkuhungu saa nane mchana kuchukua karatasi nilizozisahau, nikamkuta mbwa wetu amejinyoosha kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta, ulimi nje, ilhali sufuria yake ilikuwa imejaa maji hatua tatu tu kutoka alipolala. Nilimwita, akainuka, akayagusa maji kwa ncha ya ulimi, kisha akarudi kulala. Nilipotumbukiza kidole nilielewa: yalikuwa moto kama maji ya kuogea. Kwa siku nyingi tulikuwa tukiikuta sufuria hiyo imejaa jioni, nasi tukasema kwamba mbwa huyu hana kiu.

Naandika somo hili kwa ajili ya kosa hilo, kwa sababu nimeliona katika nyumba nyingi za watu wanaowapenda wanyama wao. Kujaza chombo asubuhi hakutoshi. Inatakiwa kujua maji hayo yana hali gani saa nane mchana, na ni kiasi gani kimenywewa.

Hatua ya kwanza: fahamu kiasi. Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mbwa wetu wa kawaida wa kilo 15 huhitaji karibu lita moja hata siku ya baridi, na joto likizidi au akiwa ananyonyesha kiasi hicho hupanda sana. Sababu ni kwamba mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na kila pumzi huondoka na maji. Paka wa kilo 4 huhitaji karibu mililita 200, pamoja na yaliyomo kwenye chakula chake. Pima kwa chupa unapomimina, kisha angalia jioni kilichobaki, ukikumbuka kwamba kuku na upepo navyo huchukua sehemu yao.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni chombo na mahali pake. Sufuria ya alumini au beseni jeusi la plastiki likiachwa juani hupata moto upesi. Chombo ninachokipendekeza ni chungu kipana cha udongo ambacho hakijapakwa rangi, kwa kuwa maji hupenya kidogo kidogo kwenye vitundu vya udongo na, yanapokauka upande wa nje, huondoa joto na kuyaacha ya ndani yakiwa baridi. Hapa kwetu chungu hufanya kazi hiyo vizuri kuliko Dar es Salaam, kwa sababu hewa ya kiangazi cha Dodoma ni kavu na maji hukauka haraka, wakati hewa ya pwani imejaa unyevu. Kiweke juu ya mchanga uliolowanishwa, ukikizungushia mawe matatu kama mafiga, ili mbwa au mnyororo wake usikipindue.

Kuhusu mahali, kumbuka kwamba kivuli huhama. Mwanzoni mwa Oktoba jua hupita karibu na utosi wetu, na adhuhuri kivuli cha ukuta huwa kama hakipo. Chini ya mwarobaini ni pazuri. Banda fupi lililoezekwa bati si kivuli, ni tanuri, na mbwa afungiwaye humo mchana kutwa hata chungu hakitamwokoa. Kama analazimika kufungwa mnyororo, upime urefu wake kwa kutembea nao mwenyewe hadi kwenye maji na hadi kwenye kivuli cha saa nane.

Hatua ya tatu ni kubadilisha maji asubuhi, mchana na jioni, na kukisugua chombo kila siku, maana vumbi letu huacha tope chini na ute kwenye kingo. Katika siku za mgao tenga dumu moja la wanyama mapema, lifunikwe na likae ndani. Maji yaliyooshea mchele yanafaa. Yaliyopita kwenye sabuni hayafai.

Hatua ya nne ni chakula. Ugali mkavu humwongezea mnyama kiu, kwa hiyo ulainishe kwa mchuzi wa dagaa waliochemshwa bila chumvi wala vitunguu, kwani vitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka. Kipande cha tikiti maji lililotolewa mbegu ni salama kwa mbwa. Zabibu si salama. Naliandika hili kwa mkazo kwa sababu tunaishi katika mkoa wa zabibu, na nimeona watoto wakimrushia mbwa vichala wakidhani wanampoza. Zabibu, mbichi au zilizokaushwa, zinaweza kuziua figo za mbwa.

Hatua ya tano: mkague. Bana ngozi ya juu ya mabega kwa vidole viwili, inyanyue, uiachie. Ya mnyama mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Kwa mbwa mzee au aliyekonda kipimo hiki hudanganya, kwa hiyo pitisha kidole kwenye ufizi pia: unapaswa kuteleza, na ukiubonyeza hadi ukawa mweupe, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa anayehema bila kupumzika, anayeyumba au kutapika, na paka anayehema mdomo wazi, wamezidiwa na joto: wapeleke kivulini, wamwagie maji ya kawaida mwilini, wapepee, wape maji kidogo kidogo bila kuwalazimisha, na umtafute daktari wa mifugo mara moja.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kongwa: Mwalimu, shikamoo. Mbwa wetu hutoka na mbuzi asubuhi na kurudi jua likizama. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Anywe kabla ya kuondoka, na mchungaji abebe dumu la lita 5 pamoja na kopo pana. Asitegemee lambo, hasa maji yakipungua na kugeuka kijani, kwa kuwa baadhi ya utando wa kijani wa aina hiyo una sumu inayoua mbwa na mbuzi pia. Saa za jua kali wapumzike wote chini ya mti.

Mwanachama wa Kisasa: Paka wangu hagusi maji kabisa, anakula dagaa wakavu tu. Nimpe maziwa?

Jibu: Asili ya paka ni nchi za ukame, na maji mengi aliyapata kwenye mawindo, dagaa wakavu hawana maji hayo. Wachemshe, umpe pamoja na mchuzi wake, na bakuli la maji liwe pana na mbali na chakula. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa, na kuharisha ni kupoteza maji zaidi. Akiwa dume, ukimwona anajikakamua kukojoa na mkojo hautoki, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mwanachama wa Manyoni: Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Yatamdhuru mbwa?

Jibu: Yakiwa ni yale mnayokunywa ninyi wenyewe, mpe. Akiyakataa, yachanganye na maji baridi yasiyo na chumvi hadi ayazoee.

Mwanachama wa Chamwino: Mbwa wa jirani anakwenda kwenye maji, lakini anashindwa kumeza, mate yanamtoka, na jana alimrukia mtoto anayemfahamu. Je, ni kiu?

Jibu: Usimkaribie, na mtu yeyote asimtie mkono mdomoni kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Dalili hizo zinaweza kuwa za kichaa cha mbwa. Mwambieni jirani afunge geti, mmwite afisa mifugo wa kata sasa hivi. Mtoto huyo, kama aling'atwa, alikwaruzwa, au mate yaligusa kidonda chake, osheni mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya leo hii apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo.